Mlaji wa Mimea Pekee mbele ya Rafu ya Duka la Kawaida

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki imejengeka dhana kwamba mtu anayetaka kula bila nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kuwa na fedha nyingi, na kwamba mahitaji yake hupatikana tu katika maduka makubwa ya maeneo ya wenye nacho, penye rafu maalumu ya maziwa ya lozi, jibini ya korosho na soseji za mimea zilizosafirishwa kutoka ng'ambo. Dhana hiyo inastahili kupingwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya vyakula vinavyomfaa mtu wa namna hiyo imo tayari katika duka la Mangi, yaani duka dogo la rejareja, katika genge la mtaani na katika kibanda cha mama mboga, tena kwa bei ambayo familia ya kawaida huimudu. Kinachomkwamisha ni kitu kingine kabisa, nacho ni bidhaa za viwandani ambazo viambato vyake vyenye asili ya mnyama vimefichwa nyuma ya majina ya kikemia, namba na maneno ya jumla, ambayo aghalabu huchapishwa kwa lugha ambayo wanunuzi wengi hawaisomi kwa wepesi.

Uvegani, ambao ndio jina la mwenendo unaozungumziwa hapa, ni msimamo wa maisha unaomtaka mtu aepuke, kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, kila kitu kinachotokana na kumtumia mnyama, kiwe chakula, vazi, sabuni au mafuta ya kujipaka. Jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama cha The Vegan Society, wakijitenga na walaji mboga wengine ambao huacha nyama na samaki lakini huendelea kutumia maziwa, na pengine mayai. Tofauti hiyo kati ya mlaji mboga na mvegani ni ya msingi kwa kila jambo litakalofuata, kwa sababu bidhaa nyingi zinazomfaa wa kwanza hazimfai wa pili.

Mwenendo wenyewe, hata hivyo, ni wa kale kuliko jina lake, na katika ukanda huu hauna ugeni wowote. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huacha nyama, mayai na maziwa siku za Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na pia katika Kwaresima yao ya siku 55, na ndiyo maana mikahawa ya Kihabeshi iliyopo Nairobi na kwingineko huandaa sinia la mfungo lenye dengu, kabichi na shiro, yaani mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde. Waadventista Wasabato, walioanza kazi yao katika milima ya Upare mwaka 1903 na Gendia, magharibi mwa Kenya, mwaka 1906, wamekuwa wakihimiza ulaji wa nafaka, matunda na mboga kama sehemu ya mafundisho yao ya afya, ingawa wengi wao hawaachi maziwa. Wahindu na Wajaini wenye asili ya Gujarati, ambao maduka yao yamekuwapo Mombasa, Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa, wamezifanya dengu za kila rangi, choroko zilizoparazwa na unga wa dengu kuwa bidhaa za kawaida sokoni, japokuwa samli na mtindi vina nafasi kubwa katika mapishi yao.

Kuna pia kundi ambalo haliongozwi na imani wala falsafa, bali na mwili. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na laktezi, yaani kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa tumboni, nao hupata gesi na kuharisha wanapokunywa maziwa. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, ambao uliwahusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo wa kumeng'enya maziwa utu uzimani umeenea hasa miongoni mwa jamii za wafugaji, zilizorithishana mabadiliko fulani ya kijeni. Kwa mtu wa kundi hili, na zaidi kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa au mayai, kujua kilichomo ndani ya pakiti ni suala la afya moja kwa moja, na hivyo maslahi yake na ya mvegani hukutana kwenye orodha ileile ya viambato.

Duka la kawaida la rejareja, liwe Tandika, Kawangware au Ng'ambo ya Zanzibar, huuza kwa kupima maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe na karanga, na kando yake hukaa mchele, unga wa mahindi, mtama, uwele na ulezi. Thamani ya mchanganyiko huo hueleweka zaidi mtu anapojua kwamba protini hujengwa kwa asidi amino, ambazo baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea, na kwamba mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini wakati maharage yanayo kwa wingi, ilhali upungufu wa maharage katika methionini hufidiwa na nafaka. Makande ya Upareni na githeri ya Kenya ya kati ni jibu kamili la tatizo hilo, lililopatikana jikoni muda mrefu kabla ya maabara kulieleza. Ikiongezwa mbaazi ya nazi inayoliwa kwa mahamri huko Mombasa, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, mchicha wa nazi, magimbi, mihogo, ndizi za kupika na matunda ya msimu, ni vigumu kukubali kwamba mtu wa pwani au wa bara anahitaji bidhaa ya kigeni ili ashibe vizuri bila mnyama.

Hata ndani ya supamaketi, bidhaa zenye manufaa zaidi kwa mvegani kwa kawaida haziko kwenye rafu maalumu. Soya iliyokaushwa vipande vipande, ambayo wengi huiita nyama ya soya, hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, na takriban nusu ya uzito wake ni protini. Siagi ya karanga isiyochanganywa na kitu, tambi kavu zisizo na mayai, nyanya za kopo, ufuta, tende na kakao tupu, mathalani ile inayotokana na mashamba ya Kyela, ni vitu vya kila siku visivyohitaji alama yoyote. Uangalifu huanza pale kiwanda kinapoongeza hatua. Mfano ambao unapaswa kumgusa kila mpishi wa pwani ni tui la nazi la unga, kwani aina nyingi zake huchanganywa na kasinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ili unga uchanganyike vizuri na maji. Mnunuzi huona picha ya nazi na neno nazi, akaamini amekwepa maziwa, kumbe ameyanunua. Kiambato hichohicho hupatikana katika unga wa kuweka kwenye kahawa unaotangazwa kuwa si maziwa. Kwa upande wake tui la kopo au la boksi mara nyingi ni nazi, maji na kiimarishi tu, na tui lililokunwa na kukamuliwa nyumbani halina shaka yoyote.

Hapa ndipo umuhimu wa orodha ya viambato unapojitokeza, na inafaa sheria zake zifahamike kwa undani, kwa sababu anayezijua husoma lebo kwa muda mfupi na kwa usahihi mkubwa. Kiwango cha jumla cha lebo za vyakula vilivyofungashwa kilichopitishwa mwaka 1985 na Codex Alimentarius, ambayo ni tume ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ndicho kimekuwa kigezo cha nchi nyingi, zikiwemo za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mujibu wake, viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilichotumika kwa wingi kikitangulia. Maziwa, mayai, samaki na jamii ya kamba lazima vitajwe popote vilipotumika, kwa sababu vimo katika orodha ya vyakula vinavyosababisha mzio. Mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe nayo lazima yatajwe kwa majina yake mahususi. Na mafuta mengine yakitajwa kwa jina la jumla, ni sharti ielezwe kama ni ya mimea au ya wanyama. Kanuni hizi chache zinamkinga mvegani dhidi ya sehemu kubwa ya yale anayoyahofia, mradi pakiti iwe imefungashwa na mtengenezaji anayezitii.

Mianya iliyobaki ni ya aina mbili. Ya kwanza ni maneno ya jumla. Neno ladha, hata likifuatiwa na sifa kama ya asili, halisemi ladha hiyo ilitoka kwenye mmea au kwa mnyama, na ndiyo sababu kiungo cha mchuzi chenye ladha ya kuku chaweza kuwa hakina kuku hata chembe, au kikawa na mafuta yake. Ya pili ni viungio vya chakula, yaani vitu vinavyoongezwa kwa kiasi kidogo ili kuleta rangi, ulaini au uimara, ambavyo huruhusiwa kutajwa kwa namba. E120 ni rangi nyekundu iitwayo kamini, inayopatikana kwa kusaga wadudu waishio kwenye mpungate huko Amerika ya Kusini. E901 ni nta ya nyuki, na E904 ni sheleki, utomvu wa mdudu unaotumika kung'arisha peremende na baadhi ya matunda. Namba hizo tatu daima ni za mnyama. Kuna nyingine zenye asili mbili, na hizo ndizo zinazosumbua: E471, ambayo huufanya mkate ubaki laini na majarini ishikamane, hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na hakuna anayeweza kuitambua kwa kuitazama; E631, inayokoleza ladha katika tambi za haraka, hutokana na nyama, samaki au uchachushaji wa mimea; na E322, ambayo ni lesithini, kwa kawaida hutoka kwenye soya au alizeti lakini yaweza kutoka kwenye yai, ingawa katika hali hiyo sheria ya mzio hulazimisha yai litajwe. Vitamini D3 inayoongezwa katika nafaka za kifungua kinywa nayo kwa kawaida hutokana na lanolini, mafuta yanayosafishwa kutoka kwenye sufu ya kondoo.

Lebo inapotahadharisha kwamba huenda bidhaa ina chembe za maziwa, maana yake ni kwamba mashine zilezile husindika bidhaa nyingine zenye maziwa, na tahadhari hiyo imewekwa kwa ajili ya mwenye mzio. Mvegani asiye na mzio hana sababu ya kuirudisha bidhaa rafuni kwa onyo hilo, na anayefanya hivyo hujinyima bila faida kwa mnyama yeyote. Kinyume chake, maandishi makubwa ya mbele ya pakiti kwamba bidhaa haina kolesteroli hayatoshi kuwa ushahidi: ni kweli kwamba kolesteroli hutoka kwa wanyama, lakini protini ya maziwa na jelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, huweza kuwamo bila kuongeza kolesteroli ya kutajika.

Alama zinazochapishwa kwenye pakiti husaidia iwapo maana yake inajulikana kwa hakika. Biskuti, viungo na vitafunwa vinavyoagizwa kutoka India, ambavyo vimejaa madukani Dar es Salaam na Nairobi, hubeba doa la kijani ndani ya mraba wa kijani, alama inayotakiwa na sheria za nchi hiyo kuonyesha chakula cha walaji mboga. Tafsiri yake ya kisheria huondoa nyama, samaki, mayai, jelatini na rangi ya wadudu, lakini huruhusu maziwa, asali, nta ya nyuki na sheleki, kwa hiyo doa hilo humpunguzia mvegani kazi bila kuimaliza. Mwaka 2022 India ilitunga kanuni za pekee za vyakula vya kivegani, zenye alama yake ya herufi V ya kijani, na huenda baada ya muda alama hiyo ikazoeleka katika rafu za huku. Alama ya ua la alizeti ya The Vegan Society, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, huonekana zaidi kwenye bidhaa za Ulaya. Ithibati ya halali, ambayo katika pwani ndiyo inayotazamwa kwanza, hujibu swali tofauti: jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa taratibu za Kiislamu ni halali, na bado ni ya mnyama.

Bidhaa zisizo na lebo zina njia yake, nayo ni kuuliza. Mkate wa kiwanda kidogo, maandazi ya asubuhi, chapati za mgahawa na halua ya Zanzibar hupikwa kwa namna nyingi, na swali la kufaa ni lile linalotaja kitu chenyewe, yaani kama kuna maziwa, yai, siagi au samli, badala ya kuuliza iwapo chakula ni cha kivegani, jambo ambalo mpishi hana wajibu wa kulijua. Halua kwa desturi hutiwa samli. Mahamri yaliyokandwa kwa tui, vitumbua vya mchele na nazi, bhajia za dengu, kachori za viazi na kashata za karanga au nazi kwa kawaida hazina tatizo. Katlesi huchovywa katika yai, na urojo huwa salama mpaka pale muuzaji anapoongeza yai au mishikaki, ambavyo mteja anaweza kuvikataa mapema.

Inafurahisha, na haisemwi vya kutosha, kwamba Afrika Mashariki yenyewe huipatia dunia malighafi inayochukua nafasi ya jelatini. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kikaenea hadi Pemba, na wakulima wake wengi ni wanawake wanaofunga vipando kwenye kamba maji yanapokupwa. Mwani huo hukaushwa na kusafirishwa ng'ambo ili utolewe karajinani, kiungio kinachoandikwa E407, ambacho huimarisha maziwa ya mimea, vitindamlo na dawa za meno. Agari, ambayo ni E406, nayo hutokana na mwani, na pektini, E440, hutoka kwenye maganda ya machungwa na tufaha. Mnunuzi anayekuta mojawapo ya namba hizi kwenye jemu au peremende laini ana uhakika kwamba kigandishi hicho hakikutoka kwa mnyama. Kwamba sehemu kubwa ya mwani huo huondoka ukiwa mkavu, kisha hurudi ukiwa ndani ya pakiti ghali za kigeni, ni hasara ambayo wenye viwanda wa hapa wangefaa kuifikiria kwa makini.

Nje ya chakula, sabuni ndiyo inayohitaji kutazamwa zaidi. Maneno "sodium tallowate" kwenye kasha yana maana ya sabuni iliyopikwa kwa shahamu ya ng'ombe au kondoo, ilhali "sodium palmate" ni ya mawese na "sodium cocoate" ni ya nazi. Sabuni za mawese kutoka Kigoma na za mwani kutoka Zanzibar huonyesha kwamba mbadala upo nyumbani. Tamko kwamba kipodozi hakikujaribiwa kwa wanyama ni jema, ila halina maana kwamba hakina lanolini au nta ya nyuki. Kwa viatu, Ulaya ilipitisha mwaka 1994 alama ndogo za kuonyesha malighafi, ambapo umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi halisi, kimia ni kitambaa, na umbo la almasi ni malighafi nyingine, na kwa kuwa viatu vingi vya mtumba hutoka huko, alama hizo husomeka hata katika masoko ya Karume na Gikomba.

Jambo moja haliwezi kupatikana kwa uhakika katika soko la mboga, nalo ni vitamini B12, ambayo hutengenezwa na bakteria na haimo katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa, ilhali upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu taratibu bila mtu kutambua. Unga wa ngano na wa mahindi ulioongezwa virutubishi, ambao Kenya iliufanya wa lazima kwa viwanda mwaka 2012 na Tanzania kuutungia kanuni mwaka 2011, huwa na B12 pamoja na madini chuma, zinki na asidi ya foliki, na B12 hiyo hukuzwa kwa bakteria viwandani, hivyo haina mnyama ndani yake. Hata hivyo unga wa mashine ya kusaga ya mtaani kwa kawaida haurutubishwi, na mvegani hapaswi kuutegemea unga peke yake. Vidonge vya B12 huuzwa katika maduka ya dawa, na mjamzito, mama anayenyonyesha na mzazi wa mtoto mdogo wanapaswa kumwona mtaalamu wa lishe kabla ya kuacha vyakula vya wanyama. Dawa aliyoandikiwa mgonjwa isiachwe kwa sababu ya jelatini ya kapsuli yake, kwa kuwa tafsiri yenyewe ya uvegani hutambua mipaka ya yanayowezekana.

Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula na vipodozi, pamoja na mashirika wenzake ya Kenya, Uganda na nchi nyingine za Jumuiya, yana uwezo wa kuziba mianya iliyotajwa kwa masharti mawili yasiyo na gharama kubwa: kwamba kila kiungio chenye asili mbili kiandikwe kama ni cha mmea au cha mnyama, na kwamba orodha ya viambato ichapishwe kwa Kiswahili kinachosomeka, badala ya herufi ndogo za Kiingereza kwenye mkunjo wa pakiti. Watengenezaji hawana haja ya kusubiri kanuni, na wanunuzi wanaombwa wasinyamaze: namba ya simu ya kiwanda huchapishwa kwenye pakiti nyingi, na swali fupi kuhusu chanzo cha E471, likiulizwa na watu wa kutosha, litajibiwa.